Mama Mkwe na Simu ya Maoni

Mama mkwe wangu alikuwa mkaguzi wa mishono. Kwa miaka thelathini na miwili alisimama mwisho wa meza ndefu katika kiwanda cha sare, na kila shati, kila suruali, kila koti la mlinzi lilipita mikononi mwake kabla ya kukunjwa. Alikuwa na kipande cha chaki. Akiona mshono umeyumba aliweka alama, lakini hakuishia hapo. Alilichukua shati lenyewe, akatembea nalo mpaka kwa aliyelishona, akamshika mkono na kukipitisha kidole chake palepale penye kosa. "Unapasikia?" Kisha akarudi mahali pake bila neno la pili. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake. Kasoro hupelekwa kwa mwenyewe, haitangazwi mezani.

Nimeanza na yeye kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu. Mimi ni tarishi wa ofisi, niliishia darasa la saba, na ni mtu mwenye haya tangu utotoni. Nikiingia dukani na muuza duka akawa anaongea na mtu, hutoka nikarudi baadaye.

Alipostaafu alikuja kuishi kwetu, chumba cha nyuma, miaka kumi na moja sasa. Mwaka wa kwanza alikuwa akikaa kitandani akitazama ukuta. Alipochoka na ukuta aliyafumua mapazia yote ya nyumba, akayashona upya, kisha akayafumua tena. Mapazia yetu yalishonwa mara tatu mwaka ule, na sisi tulikaa wiki nzima majirani wakituangalia tukila. Mke wangu aliogopa sana. Alisema mama yake anazimika kama taa ya mafuta.

Mimi sikuweza kumsaidia. Nikirudi kazini nasema, "Shikamoo mama." Yeye anaitikia, "Marahaba. Umerudi?" Nasema, "Nimerudi." Mazungumzo yetu yalikuwa hayo. Nikihesabu vizuri, kwa miaka kumi na moja nilimwambia maneno matatu, nikawa nayarudia.

Baadaye mke wangu alimpa simu ya kioo, akamwonyesha jinsi ya kusoma habari. Mapazia yakapumzika. Hatukuuliza zaidi.

Sasa nieleze kazi yangu. Ofisi yetu inaendesha tovuti ya habari, ghorofa ya tatu, jengo ambalo lifti yake ina karatasi inayosema inatengenezwa, na karatasi yenyewe imeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa. Nilikuwa nabeba bahasha, napandisha mitungi ya maji, nabadilisha wino wa mashine za kuchapia. Habari zikiwekwa kwenye tovuti, wasomaji wanaandika maoni yao chini. Na maoni yalikuwa matusi. Ukiweka habari ya mvua, watu wanatukanana. Ukiweka habari ya mtoto aliyeshinda mbio za magunia, wanamtukana mtoto, wanalitukana na gunia.

Mhariri alijaribu kila njia. Kwanza alimwagiza fundi wa kompyuta, ambaye wote tunamwita Fundi, aweke mtambo wa kufuta maneno machafu. Mtambo ukafuta makala nzima ya daktari wa mifugo kwa sababu neno punda lilitokea mara tisa. Wasomaji nao wakahamia kwenye mboga. "Bamia wewe!" "Biringanya mkubwa, na ukoo wako wote wa mabiringanya!" Mtambo haukuona ubaya wowote. Mhariri akaamuru kila mtu ajiandikishe kwa jina lake halisi. Kufikia Ijumaa, watu mia nne walikuwa wamejiandikisha kwa jina la Mhariri.

Siku moja mtu aliandika kwamba paji la uso la Mhariri linatosha ndege kutua. Mhariri alitoka ofisini kwake mwekundu wa macho.

"Huyu," alisema, "angekuwa mbele yangu angeweza kunisomea hivi? Kwa mdomo wake?"

"Hawezi, bosi," Fundi alijibu huku akilitazama lile paji.

"Basi na asome! Kila mmoja asome! Ukiandika maoni unapewa namba, unapiga simu, unayasoma kwa sauti, mtu anakusikiliza. Ukimaliza unaulizwa kama bado unataka yawekwe. Ukisema ndiyo, yanawekwa."

"Nani atasikiliza?"

Waliwajaribu waandishi watatu. Wote walijibizana na wasomaji, na mmoja alipigana na simu yenyewe. Ndipo Mhariri akaniona nikipita na mtungi begani.

"Wewe! Tangu nikuajiri sijakusikia ukibishana hata na mlango. Weka mtungi chini."

Wakanipa stoo. Nilikaa kati ya mashine mbovu na maboksi ya karatasi, mezani kuna simu, vyombo vya masikioni na kitufe cha kijani cha kuweka maoni kwenye tovuti. Niliruhusiwa kusema mambo matatu tu. "Karibu, soma." "Nimesikia." "Bado unataka iwekwe?" Nilitia saini kwamba sitamwambia mtu yeyote mimi ndiye msikilizaji. Fundi alinifundisha kutoa sauti kutoka tumboni, nene na taratibu. Nilipoisikia mara ya kwanza kwenye mtambo niligeuka kutazama nani ameingia. Nyumbani nilisema nimehamishiwa stoo, na huo haukuwa uongo.

Jamani, watu! Wa kwanza alikuwa ameandika kwamba madaktari wote ni wauaji. Nikamkaribisha asome.

"Mada... samahani, wewe si daktari?"

Hilo sikuruhusiwa kulijibu.

"Una ndugu daktari?"

"Karibu, soma."

"Basi tuseme... madaktari baadhi. Tuseme wawili. Ngoja, mmoja nilimwonea." Akakata mwenyewe.

Mwingine alisoma matusi yake kwa kunong'ona kwa sababu bosi wake alikuwa meza ya pili. Mwingine aliniuliza, "Nimeweka alama kumi na nne za mshangao, nazisomaje?" Akaamua mwenyewe, akapiga kelele "Aa!" mara kumi na nne, na alipofika ya tisa nilimsikia mke wake akimwuliza kama amejibana kidole. Ukweli ni kwamba wengi walirekebisha palepale. Tusi likipita kinywani mtu analisikia lina mifupa. Katika wiki tatu maoni yakawa machache, mafupi, na mengine yakaanza na salamu.

Isipokuwa Nyundo.

Msomaji huyu aliyejiita Nyundo hakuwa anatukana. Nyundo alikuwa anakagua. Wasomaji walimwogopa na kumpenda, na walifungua habari wakaanzia chini kuona kama ameshapita. Siku ya kwanza kupiga alikuwa ameandika kuhusu kituo kipya cha basi. Nikasema karibu, soma. Sauti ya mwanamke mzima ikasoma bila kutetemeka:

"Paa la kituo hicho ni dogo. Linamkinga na mvua mtu mmoja tu, yule aliyelijenga, kwa sababu hayupo."

Nilishika meza. Sauti ile nilikuwa naisikia kila jioni ikiniuliza kama nimerudi.

"Nimesikia," nilisema kwa sauti ya tumboni. "Bado unataka iwekwe?"

"Kama nisingetaka ningekusumbua? Iweke."

Hakunitambua. Angenitambuaje? Maneno aliyoyajua kwangu ni matatu, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye kazi yangu ya simu.

Tangu siku ile alipiga kila siku, saa nne kamili. Nyumbani mke wangu alianza kunisimulia habari ambazo nilikuwa nazijua.

"Mama amebadilika. Saa nne ikikaribia anavaa gauni zuri, anafunga mlango, anaongea na mtu wa maoni. Anasema mtu huyo ana masikio. Juzi nimemsikia anaimba. Mungu amweke huyo mtu, na asitokee wa kuuvuruga mpango huu."

Niliendelea kutafuna. Nilijua kabisa nikijulikana ataona haya, ataacha kupiga, na atarudi kwenye ukuta. Baada ya ukuta ni mapazia. Nikaapa moyoni kwamba siri hii nitakufa nayo.

Kisha ikaja habari ya sanamu. Kwenye mzunguko wa barabara palisimamishwa sanamu ya mtu asiyejulikana, na Nyundo akapiga.

"Sanamu hii inanikumbusha mkwe wangu. Tofauti ni kwamba sanamu imechagua upande wa kuelekea. Yule wangu akiingia ndani huwezi kujua kama ameingia mtu au mlango umesukumwa na upepo. Miaka kumi na moja ananiambia amerudi, hajawahi kuniambia alikokuwa."

Mashine mbovu zote za stoo zilikuwa zinanitazama.

"Nimesikia," nilisema. "Bado unataka iwekwe?"

"Kwa nini umechelewa kuuliza?"

Jibu la swali hilo halikuwa katika mambo matatu.

"Iweke," alisema.

Nikabonyeza. Wasomaji elfu mbili waliipenda. Fundi aliichapa kwa herufi kubwa akaibandika juu ya mtungi wa maji, nami ndiye ninayebadilisha mtungi.

"Maskini huyo mkwe!" alikuwa akiniambia kila nikija. "Natamani niione sura yake walau mara moja."

"Hata mimi," nilisema, kisha nikajifuta maji usoni.

Wiki iliyofuata Nyundo alimaliza kusoma maoni yake, akabaki kwenye simu.

"Wewe msikilizaji, umeoa?"

Hilo nalo halikuwa katika matatu. Lakini kunyamaza kungekuwa kukosa adabu kwa mzazi. "Nimeoa," nilisema.

"Mama mkwe wako ana bahati. Mtu anayesikiliza mpaka mwisho! Angekuwa wangu ningeongea naye mpaka jua lichoke."

Mkono ulinicheza nikabonyeza kitufe. Yakawekwa maoni matupu, jina Nyundo, chini yake hakuna hata herufi. Wasomaji kumi na tisa waliyajibu. Saba walikubaliana naye, kumi na mmoja walimpinga, mmoja alisema safari hii amezidisha.

Kosa lenyewe nililifanya Jumapili mchana, nyumbani, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Tulikuwa mezani watatu. Mama mkwe alikuwa na simu yake pembeni ya sahani, anasoma habari ya sare mpya za wanafunzi, anaikuza picha kwa vidole viwili.

"Angalia mshono huu wa bega," alisema bila kumlenga mtu. "Umekwenda kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa."

Mimi nilikuwa natafuna. Sikufikiri. Mdomo wangu ulikuwa umefanya kazi hiyo siku sitini za kazi, ukajituma wenyewe, kutoka tumboni, nene na taratibu:

"Nimesikia. Bado unataka iwekwe?"

Kijiko cha mama mkwe kilisimama njiani.

"Iwekwe nini?" mke wangu aliuliza. "Chumvi?"

Mama mkwe alinitazama kama anavyotazama kola. Akaanzia juu, akashuka, akarudi juu. Kisha akainuka, akaiosha sahani yake mwenyewe, akaifuta, akaiweka kabatini, akaenda chumbani na kufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumatatu saa nne simu yangu haikulia. Jumanne hivyohivyo. Jioni nilisema shikamoo mama, akaitikia marahaba, na mahali pa "Umerudi?" pakabaki wazi. Nilisimama sebuleni nikisubiri kuulizwa. Sikuulizwa. Nikabaki sijui kama nimerudi.

Jumatano Mhariri alifika stoo. "Nyundo yuko wapi? Bila yeye watu hawasomi hata hali ya hewa! Unajua kanuni, asiyepiga siku tano za kazi anafutwa kwenye orodha. Kesho kutwa ndiyo mwisho. Umemwudhi?"

Nikatikisa kichwa, nisijue mwenyewe kama nimetikisa cha ndiyo au cha hapana.

Wasomaji nao walianza kupiga kumwulizia. Yule wa alama kumi na nne alipiga akasoma, "Nyundo uko wapi?" na safari hii aliweka alama moja tu, akaisoma kwa huzuni.

Alhamisi niliporudi, nilikuta pazia la sebuleni halipo. Lilikuwa mapajani mwa mama mkwe, chumbani, na mkasi ulikuwa unafumua.

Mke wangu alinivuta jikoni. "Umemfanya nini mama?"

Nikamwambia yote. Simu, stoo, sauti ya tumboni, sanamu. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Ndoo ikasogea naye, akaendelea kucheka. Alipotulia aliifuta sura yake kwa kitambaa cha vyombo.

"Wewe unafikiri anaona haya kwa sababu umesikia?"

"Sasa kwa nini?"

"Humjui mama yangu. Miaka thelathini na miwili hakuwahi kutaja kasoro ya mtu kabla ya kumpelekea mwenyewe. Wewe amekutangaza kwa watu elfu mbili, na wewe mwenyewe hajakwambia. Amejikamata mwenyewe. Nenda ukaongee naye."

"Nikamwambie nini?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye mtu wa simu?"

Nilifika mpaka mlangoni kwake. Niliuona mwanga chini ya mlango, nikasikia mkasi. Nikarudi.

Lakini lile neno la mke wangu lilinikaa moyoni. Ijumaa asubuhi nikiwa stoo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, niliandika maoni. Niliyaandika chini ya habari ya sanamu. Yalinichukua saa nzima na maboksi mawili ya karatasi ya kuegemea. Fundi alipoyaona yameingia kwenye mtambo yakisubiri, alikuja mbio.

"Yawe yako au ya nani, lazima yasomwe kwa msikilizaji. Na msikilizaji ni wewe. Utajisomea mwenyewe?"

"Hapana," nilisema. "Nina msikilizaji."

Saa nne kamili nilipiga simu nyumbani. Ililia muda mrefu.

"Nani?" ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Mimi ni mtoa maoni, mama. Nimeandika, na kanuni inataka nisome."

Nilisikia mkasi ukiwekwa chini. Kisha akasema, "Karibu, soma."

Nikasoma. Karatasi nilikuwa nimeibana na mashine mbovu.

"Mimi ndiye mkwe wa Nyundo aliyefananishwa na sanamu. Aliyeandika ni mkaguzi mzuri, lakini hapa pamempita. Sanamu haisikii. Mimi nasikia cherehani yako, nasikia mlango wako ukifunguka alfajiri, nasikia unavyozima taa niliyoisahau. Sisemi kwa sababu nikipata neno, naona wewe ungekuwa na lililo bora. Kuhusu nilikokuwa, nilikuwa stoo, nakusikiliza. Naomba kasoro zangu niletewe mkononi, nipitishe kidole, kama ulivyokuwa ukiwafanyia wa kiwandani."

Mlangoni kwangu Fundi alikuwa ameshafika, na nyuma yake Mhariri, na paji lake.

"Nimesikia," mama mkwe alisema. Akakohoa kidogo. "Hiyo taa iondoe. Inakulegezea maandishi."

"Nimeiondoa, mama."

"Na mwisho pale umesema unaomba. Mtu mzima haombi kasoro zake. Sema unataka."

Nikafuta, nikaandika. "Nataka kasoro zangu niletewe mkononi."

"Hapo sawa. Mshono umekaa." Akavuta pumzi. "Bado unataka iwekwe?"

"Ndiyo, mama."

"Iweke."

Nikabonyeza kitufe cha kijani. Fundi aliyasoma kwenye simu yake palepale mlangoni. Aliyamaliza, akanitazama, akatazama upande wa mtungi wa maji, akanitazama tena, mdomo wazi. Ile sura aliyotamani kuiona alikuwa ameipata.

Nilitaka kuaga, lakini mama mkwe aliniwahi.

"Usikate. Nikikata leo sitapata nafasi nyingine, maana ukifika hapa utageuka upepo. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Kasoro ya kwanza. Viatu vyako unavivulia katikati ya mlango, na mimi ni mtu mzima, nitaanguka. Unapasikia?"

"Napasikia, mama."

"Ya pili. Hucheki. Nimesema mambo ya kuchekesha miaka kumi na moja, nikadhani sichekeshi."

"Nilikuwa nacheka bafuni, mama."

"Bafuni!" Nikamsikia anacheka, cheko la mtu aliyelifungia sandukuni. "Basi hiyo ni ya tatu. Andika. Kucheka bafuni."

Mhariri alikuwa ananionyesha ubao wa simu kwa kidole. Taa za foleni zilikuwa zinawaka safu nzima, watu wanasubiri zamu ya kusoma. Nilimwonyesha kiganja, asubiri. Sikuwahi kumfanyia hivyo mtu yeyote aliye juu yangu. Alirudi nyuma hatua moja.

Foleni ilifika watu thelathini na wanne, kila mmoja na tusi lake mkononi, wote wametulia. Mama alikuwa kwenye kasoro ya sita, na alikuwa ameniambia nisimharakishe, na kwamba pazia la sebuleni anataka nilishike mimi upande mmoja jioni wakati yeye akilipiga pindo, na ya saba mpaka kumi na mbili ataniambia hapohapo.